Taa Ndani ya Mshipa wa Baba

Mama yangu alikuwa amekaa eda siku baba aliporudi. Alikuwa nyuma ya pazia, mwilini nguo nyeupe ya kufiwa, akichagua mchele kwenye ungo, na aliposikia hatua za baba uani na kile kikohozi chake kidogo cha kubishia hodi, hakuinua kichwa. Alisema, "Mtani, inatosha sasa. Tumechoka kucheka."

Niliwahi kusimulia habari hii Maputo, mbele ya waandishi wenzangu, tulipokutana kusomeana kazi zetu. Walicheka, kisha mmoja akanishauri niiandike kama hadithi ya kubuni kwa sababu hakuna atakayeiamini ikiitwa kumbukumbu. Naiandika kama ilivyokuwa.

Kwetu ni kijiji kidogo kwenye ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji. Baba alikuwa na minazi yake na mtego wake wa samaki, lakini watu walimjua zaidi kwa kazi nyingine: alikuwa mwosha maiti. Mwanamume akifa, baba ndiye aliyeitwa. Alikwenda kimya, akarudi kimya, na siku hiyo hakula na sisi sahani moja mpaka alipokwisha kuoga.

Na baba alikuwa na mtani. Mtani huyo alikuwa mkulima wa kijiji cha Mute, mtu mrefu, mwenye sauti ya kugombana hata anapoomba maji, na utani wao waliurithi kwa babu zao. Kwetu mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako bila kuuliza. Lakini haki hiyo ina kazi yake. Ukifa, mtani ndiye anayekugeuza na kukunyoosha. Halafu matangani huvaa nguo zako akakuigiza, mwendo wako, kikohozi chako, namna ulivyokuwa ukilalamikia chumvi, ili wafiwa wacheke na kilio kisiwaue.

Mwaka ule wa kuwakimbia wenye bunduki, wanawake wa kijiji chetu waliondoka kwa mashua wakashuka mpaka mji wa Pemba, kusini yetu. Baba alibaki. Mzee mmoja jirani alikuwa amekufa asubuhi ile, na baba alisema hawezi kumwacha mtu hajaoshwa. Mimi nilikuwa Maputo nikisoma. Nikapanda kwenda Pemba, nikamkuta mama katika nyumba ya jamaa, na tukaanza kusubiri. Aliyefika hakuwa baba. Alikuwa mtani wake, miguu imevimba, na alipomwona mama hakutoa tusi hata moja. Hapo mama akajua.

Alisema alimkuta baba kwenye mikoko, amelala chali kwenye tope. Alimwita, alimtikisa, akaweka shavu lake puani pake. Hakukuwa na pumzi. Mwili ulikuwa baridi na umelowa. Hakuwa na muda wa kuchimba, maana sauti zilikuwa zinakaribia, kwa hiyo alifanya lile alilopaswa kufanya: alimgeuza upande wa kibla, akamfunika uso kwa shuka lake mwenyewe, akakata matawi ya mkoko akamwekea juu, akakimbia.

Mtani hutania kila kitu isipokuwa maiti aliyemshika kwa mkono wake. Tulimwamini. Tulimswalia baba sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, tukamsomea hitima, mama akaingia eda. Shati moja la baba lilikuwa ndani ya bunda ambalo mama alikimbia nalo. Mtani alilivaa. Alitembea uani kwa mwendo wa baba, mkono mmoja mgongoni, bega la kushoto limeshuka, akakohoa kikohozi chake, akauliza kwa nini mchuzi wa nyumba hii siku zote unaiogopa ndimu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Watu wakapenda, na mtani akarudia siku nyingine, na nyingine.

Ndiyo maana mama hakuinua kichwa.

Mimi nilikuwa kwenye mafiga. Nilimwona mtu amesimama kwenye mlango wa ua, mkono mgongoni, bega la kushoto limeshuka, na wazo langu la kwanza, ambalo bado hunijia ninapolala, lilikuwa kwamba leo mtani amepita kiasi. Leo amechukua mpaka uso. Kisha nikamwona mtani mwenyewe, amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na shati la baba mwilini, kikombe cha chai mkononi, naye anamtazama yule mtu.

"Si mtani," alisema baba.

Mtani aliweka kikombe chini, akavua shati palepale akamkabidhi. Alijaribu kucheka. "Nilikushika," alisema. "Ulikuwa baridi." Alirudi nyuma kukaa, akakipiga kikombe kwa mguu, na chai ikamwagika mchangani.

Baba hakueleza mengi. Alisema alizinduka, akatembea usiku na mchana mpaka akavuka Ruvuma, akaugua upande wa pili kwa watu waliomhifadhi, na hakuwa na simu wala namba ya mtu kichwani. Shehe wa mtaa aliulizwa. Alisema ndoa ipo, eda imevunjika, Mungu asifiwe. Mama alimwuliza kama kuna dua ya kuifuta hitima iliyokwisha kusomwa. Shehe alifikiri, akasema hitima ni Kurani, na Kurani haifutwi.

Tuliporudi Tungue, mtani alianza kumwita baba Marehemu. Alikuwa na haki. Kwenye kahawa alimsogezea kikombe akamwuliza kama huko alikotoka wanatia tangawizi. Alimwuliza kama babu yake bado ana kisirani. Watu walicheka, na baba alitabasamu, lakini walipokuja kumwita kwenda kumwosha mvuvi mmoja aliyekufa kwa homa, baba alikataa. "Maiti haoshi maiti," alisema. Wakadhani na yeye ametania. Mama hakudhani hivyo.

Maumivu yalianza baada ya hapo. Akipanda kutoka ufukweni, baba alisimama katikati ya njia na kugeuka nyuma, taratibu, kama mtu aliyeitwa. Alisubiri, kisha akaendelea. Mama alinipigia simu Maputo, nilikokuwa nimerudi, akanieleza. Nilipoongea na baba mwenyewe, alisema hana ugonjwa. Alisema ni udongo. Nikamwuliza udongo gani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda shambani, kwamba kila anapopanda mahali palipoinuka, watu wanaanza kumtia udongo kifuani, kila mmoja fumba moja la kujaa kiganja, kama wanavyofanya kaburini, na akisimama wanasimama nao.

Kwenye kituo cha afya cha Palma, mganga kijana aliyeletwa kutoka kusini alimbandika nyaya kifuani, akaitazama karatasi iliyotoka kwa muda mrefu, akasema anahitaji hospitali kubwa. Mama ndiye aliyeamua. Alimwambia baba kwamba amekwisha kumlilia mara moja na hataki kumlilia mara ya pili kwa uzembe. Baba akapanda ndege Pemba akanijia Maputo.

Nilikuwa nakaa ghorofa ya tatu. Baba alipumzika kwenye kila kona ya ngazi, uso kuelekea chini. Asubuhi alikaa kwenye roshani akiwasalimia wapita njia kwa ustaarabu wa kwetu, na kwa kuwa Maputo ni Maputo, hawakujibu. Jioni aliniambia kwa utulivu, "Hapa hawanioni kabisa. Nyumbani walau walikuwa wananiona nusu."

Daktari wa moyo tuliyemwona alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa kusini, asiyejua neno la Kiswahili. Nikawa mkalimani. Alichora moyo kwenye karatasi, akachora na mishipa inayoulisha, akasema anashuku mmoja umekuwa mwembamba. Angeingiza mrija kwenye kifundo cha mkono, aufikishe moyoni, amwage dawa inayoonekana kwenye eksirei. Kama picha hiyo isingetosha, angeingiza waya mwembamba kuliko uzi wa mshipi, wenye taa kwenye ncha, uuangaze mshipa kwa ndani. Na kama njia ingekuwa imebana kweli, angeitanua kwa puto na kuweka stenti, kibomba kidogo cha wavu wa chuma, ibaki wazi.

Baba alisikiliza yote. Aliuliza swali moja: taa itaonaje ndani ya damu? Daktari alifurahi kuulizwa. Alisema damu inaukataa mwanga, kwa hiyo inasafishwa kwanza, kwa sekunde chache, dawa inaisukuma pembeni na taa inapita.

"Wanaosha kwanza," alisema baba, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuta desturi njema ugenini.

Lakini alikubali nusu. Aliniambia nimwambie daktari, nami nikamwambia neno kwa neno ingawa nilitamani kupunguza: "Wachungulie. Wakikuta mtu, watamtibu. Wakikuta kaburi, waache, watoke, wafunge. Nitasema mimi mwenyewe nikiwa pale mezani."

Daktari alinitazama mimi, si yeye. Aliniuliza kama baba yangu ana akili timamu. Nilisema ndiyo. Alisema wagonjwa wa kazi hii huwa macho, kwa hiyo inawezekana kumwuliza katikati, lakini kusita kukiwa na waya ndani ya mshipa si kuzuri, na alitaka nijue kwamba mshipa uliobana hivyo, kama umebana, hauna subira. Unaweza kufunga njiani kuelekea nyumbani. Nilijua basi nini kingetokea kama baba angesema hapana.

Alasiri ya siku iliyotangulia kazi ile, tulikaa jikoni kwangu, mimi nikimenya muhogo, na hapo ndipo aliponieleza jinsi alivyozinduka. Hakuwa amemweleza mama wala mtani.

Alikuwa anakimbia kwenye mikoko, alisema, na kifua kikashikwa na kitu kama mlango unaofungwa. Alikaa. Alilala. Akaona maji ya kupwa yanakwenda zake na kaa wadogo wanatoka kwenye matundu yao, kila mmoja ameinua mkono mmoja. Kisha hakuona kitu. Alipofungua macho palikuwa peupe, na kwa muda alidhani ndiko huko. Lilikuwa shuka. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kuume. Alilitoa shuka, akaona amefunikwa matawi yaliyokatwa upya, utomvu bado unatoka, na alipotazama jua lilipo akajua ameelekezwa kibla.

"Nimewalaza watu wengi vile," alisema. "Najua kazi iliyofanywa sawasawa ninapoiona. Mtani hakukosea hata kidogo. Sasa niambie, mwanangu, mtu aliyekaguliwa akakutwa hana pumzi, akaelekezwa, akafunikwa, akaswaliwa, mke akakaa eda, huyo anaamka kwenda wapi?"

Muhogo ulikuwa umekwisha kumenywa na bado kisu kilikuwa kinatembea. Baba alisema hamlaumu mtu. Alisema anafikiri kulitokea kosa dogo mahali, jina lake likarukwa, na sasa linarekebishwa kidogo kidogo, fumba kwa fumba, na si adabu kwa mwosha maiti kuwazuia watu kumaliza mazishi.

Asubuhi walimlaza kwenye meza nyembamba, chini ya mashine iliyoinama juu yake kama shingo ya ndege mkubwa. Chumba kilikuwa na baridi ya chumba cha barafu ya samaki. Mimi niliwekwa upande wa pili wa kioo, mbele ya maikrofoni ndogo, niwe sauti ya daktari kwa baba na sauti ya baba kwa daktari. Walikuwa wamemfunika shuka la kijani mpaka kidevuni. Nilimwona akiligusa kwa vidole vya mkono wa kushoto, akiupima unene wake.

Dawa ilipoingia, mti mweusi uliota ghafla kwenye skrini, matawi yakitikisika kwa kila pigo, kisha ukafifia ukafutika. Ukaota tena. Ukafutika. Daktari, akiwa amesimama pembeni ya baba, alinieleza kupitia kipaza sauti kwamba nisidhani ninaona mshipa. Ninaona kivuli cha dawa inayopita ndani yake. Aliuzungusha mti ule, akaonyesha mahali kwenye tawi kubwa la mbele palipobonyea kidogo, kama mpira wa maji uliokanyagwa na mtoto. Alisema kwa kivuli hiki peke yake angemrudisha mtu huyu nyumbani na vidonge. Lakini kivuli hudanganya. Sahani ukiisimamisha upande, kivuli chake ni mstari tu. Na mtu anayesimama katikati ya ngazi tatu hakulingana na kibonyeo kidogo kile.

"Mwambie tunaingiza taa," alisema. "Mwambie avute pumzi, aishike."

Nilimwambia. Baba alishika pumzi. Kwa sekunde zile hakuna aliyeonekana kupumua pale, si yeye, si daktari, si mimi. Damu ikasogezwa, taa ikavutwa nyuma, na kwenye skrini ya pili, ile iliyokuwa nyeusi muda wote, ukafunguka mduara.

Nimejaribu kuuandika mduara ule mara nyingi. Ulikuwa wa rangi ya asali iliyoungua. Katikati palikuwa peusi, na pembeni kuta, laini, zenye unyevu wa mwanga, zikija na kupita, zikija na kupita, kama mtu anayetembea kinyumenyume ndani ya pango. Sikuwa nimemwona baba yangu hata mgongo wake wazi. Sasa nilikuwa ndani. Na ndani palikuwa na mtu mwingine. Upande mmoja wa mduara palikuwa na kabari ya giza, na kadiri picha zilivyokwenda, giza lile liligeuka taratibu kuuzunguka ukuta, kama mtu aliyekaa kwenye kona anayekufuata kwa uso. Nilimwuliza fundi wa mashine aliyekuwa kando yangu ni nini. Alisema ni kivuli cha waya unaoongoza njia, mwanga haupiti nyuma ya chuma. Nilielewa. Sikuacha kulitazama.

Kisha tundu likaanza kupungua. Likawa sarafu, likawa punje, likawa jicho linalofumba. Mshipa ulikuwa umebana kuliko kivuli kilivyosema, lakini umebana kwa ubavu, bapa, ndiyo maana eksirei haikuona hilo. Nilifikiria mwanandani, ule ubavu wa kaburi unaochimbwa ndani ya kaburi, mahali pa kumlaza mtu. Nikaomba Mungu baba asiniulize sasa.

Daktari alitoka kwenye chumba cha baridi akaja upande wangu, akazirudisha picha nyuma, akazipeleka mbele, akazirudisha. Aliweka kidole kwenye skrini. Kuzunguka lile jicho kulikuwa na tabaka, ukanda uliokaa juu ya ukanda mwingine, mpaka wake unaonekana wazi kama mstari wa maji kujaa kwenye nguzo ya gati.

"Cicatriz," alisema. Kovu.

Alinieleza polepole. Mahali hapa palipasuka. Damu iliganda juu yake ikaufunga mshipa, wote au karibu wote. Kisha, bila daktari, bila dawa, damu ile ikaachia njia, na mwili ukafunika mpasuko kwa nyama mpya. Alisema mtu huyu alishikwa na shambulio la moyo na hakuna aliyejua. Wengi hawaamki. Aliniuliza kama aliwahi kuanguka. Nilisema ndiyo. Alitaka kujua aliyekuwepo aliona nini, na nikamwambia, kwa Kireno changu cha shule, kwamba aliyekuwepo aliona maiti. Halafu akasema kwamba mtu aliye katika hali ile, pumzi yake inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba shavu haliwezi kuisikia.

Sauti ya baba ilitoka kwenye spika, kavu, karibu sana, kana kwamba alikuwa nyuma ya shingo yangu.

"Wamekuta nini?"

Nilibonyeza kitufe. Nilikuwa na maneno ya lugha mbili na hakuna lililotaka kutangulia. "Wamekuta njia imebana, baba," nilisema. "Na wamekuta kovu."

"Kovu la nini?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Palipasuka, pakafunga, pakafunguka, pakapona. Kupitia kioo niliona uso wake tu, juu ya shuka la kijani, macho yametazama dari. Mashine ilikuwa inapiga mlio wake mmoja mmoja.

"La lini?"

Nilimwuliza daktari. Alisema picha haitaji siku. Ni la zamani kiasi cha kupona kabisa, basi.

"Limefunga vizuri au liko wazi?"

"Limefunga, baba. Limefunga mpaka limezidi. Ndilo linalobana njia."

Daktari aliinua mkono wake wenye glavu akanionyesha waya, kwamba hauwezi kukaa mle. Nilitaka kusema naye, nimwombe, nimtaje mama. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe na sikubonyeza, kwa sababu nilimwona amefumba macho, na nilimjua baba yangu anapofikiri.

"Mwanangu," alisema, "nimeosha watu wengi. Wapo waliokuja na jeraha dogo kama ukucha. Unamwosha, unalikausha, unalifunga pamba, na lile jeraha liko wazi vilevile. Ungekaa naye mwaka, halifungi. Maiti haoti kovu."

Mlio ukapiga. Ukapiga tena.

"Basi mtani alinifunika nikiwa hai," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mshangao, na ya kuumia kidogo pia, kama mtu aliyeambiwa kwamba wenzake walimwacha ufukweni kwa kusahau tu. "Mwambie dotora afungue njia."

Nilimgeukia daktari nikamwambia amekubali. Alisubiri niendelee, maana aliyasikia maneno mengi. Nikasema tena, amekubali.

Walichofanya baadaye kilikuwa kazi ya mafundi, na nilishukuru kuitazama kama kazi. Daktari aliurudia mduara ule akaupima upana wa mshipa pale ulipokuwa mzima, juu na chini ya kovu, ajue stenti ya kipimo gani. Alionyesha upande mmoja wa ukuta palipokuwa na chokaa ndani ya nyama, akasema bila taa asingejua, angeweka wavu juu ya ukuta mgumu na usingefunguka. Kwa hiyo alitanguliza puto gumu la kuivunja chokaa. Baba aliulizwa kama anaumia. Alisema ule udongo umerudi, mzito kuliko siku zote. Daktari alisema ni puto, limeziba njia kwa muda, litatolewa. Likatolewa. Nikamwona baba akivuta pumzi, akaivuta tena, akiwa na uso wa mtu anayesikiliza nyumba iliyonyamaza ghafla.

Stenti ilipokaa, mti mweusi ulionekana mzuri, kibonyeo hakipo. Nilidhani tumemaliza. Daktari alisema bado, akaingiza taa upya. Sasa kwenye ukuta kulikuwa na nukta za mwanga, nyuzi za ule wavu, zimezunguka mduara, kila moja na uzi wa giza nyuma yake. Upande mmoja nukta chache zilikuwa zinaning'inia, hazijagusa ukuta, kama pazia lililoachwa wazi. Kivuli kilikuwa kimesema kila kitu kimekaa sawa. Alileta puto lingine, akalijaza zaidi, akaosha, akaangaza kwa mara ya mwisho. Nukta zote zilikuwa zimelala ukutani. Tundu lilikuwa duara, pana, na lile giza la kabari bado lilikuwa linageuka humo, kimya, likifuata waya kutoka nje.

Alasiri baba alikuwa wodini, amekaa, kifundo cha mkono kimefungwa bendeji, anakunywa chai na mkate wa hospitali. Alikuwa amemsalimia mgonjwa wa kitanda cha jirani, naye akamjibu, na tayari walikuwa wamegombana kuhusu timu ya mpira. Nilikuwa nimempigia mama. Alilia, akaniuliza kama amekula, akakata simu aende kuwaambia watu.

Daktari aliniita kwenye korido. Alikuwa amezitazama picha tena kwa utulivu. Alizifungua kwenye kompyuta ndogo akanionyesha ule ukanda nilioujua, ule wa mikokoni. Kisha akakisogeza kidole chake nyuma ya ukanda huo, karibu kabisa na ukuta, kwenye mstari mwembamba ambao nisingeuona peke yangu. Alisema kuna kovu jingine. La zamani zaidi, dogo, lililofunikwa na lile la pili. Halibadilishi matibabu, lakini angependa kujua.

Nilirudi kitandani nikamwuliza baba kama aliwahi kuanguka kabla ya ile siku ya mikokoni.

Aliacha kutafuna. Aliitazama bendeji yake, akaugeuza mkono upande huu na upande ule.

"Hiyo ilikuwa kabla hujazaliwa," alisema. "Siku ile nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyepita kunifunika." Akachovya mkate kwenye chai. "Usimwambie mama yako."

Daktari alikuwa bado amesimama kwenye korido. Aliponiuliza amejibu nini, nilimwambia kwamba ilikuwa zamani sana.